DHAHABU YA KWENYE SIMU: NANI ANAINUNUA?



Siku hizi katika vijiji vyetu vya Katavi, kutoka Inyonga mpaka Karema, wazazi wanatuuliza swali moja. "Mwalimu, kijana wangu anashinda na simu. Anasema anacheza mchezo, na mchezo huo unalipa. Sasa anataka tuuze magunia mawili ya mpunga apate mtaji. Je, ni kweli au ni utapeli?"

Swali hili ni zuri. Mpunga ule ni chakula na ni ada ya shule. Basi tusikimbilie kusema ndiyo wala hapana. Tusome kwanza.

Mali ya mchezoni ni nini?

Ipo michezo ya simu na kompyuta inayochezwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja. Kila mtu yuko kwao, lakini wote wameunganishwa na intaneti. Ndani ya mchezo mchezaji hupata vitu kama vile panga, nguo, mnyama au dhahabu. Vitu hivi ni picha na namba tu. Havishikiki mkononi.

Je, fedha inatoka wapi? Kupata vitu hivi kunachukua muda mrefu. Mtu mwenye fedha lakini hana muda humlipa mtu mwenye muda. Kwa hiyo fedha haitoki kwenye mchezo. Inatoka mfukoni mwa mnunuzi. Pasipo mnunuzi, hapana fedha.

Wachimbaji wetu wa Ibindi wanalijua jambo hili. Lakini wao wana dhahabu yenyewe. Mnunuzi mmoja akikataa, wanampelekea mwingine. Dhahabu ya mchezoni iko ndani ya mtambo wa mwenye mchezo. Yeye akifunga mtambo, dhahabu imekwisha.

Waliopata: Venezuela

Nchi ya Venezuela iko Amerika ya Kusini. Fedha yake ilianguka sana. Kuanzia mwaka 2017 hivi, mshahara wa mwezi haukutosha chakula. Watu wengi wakaingia katika mchezo uitwao RuneScape. Walikuwa wakiua majoka ya kijani ya mchezoni, wakapata dhahabu, wakaiuza kwa wachezaji wa nchi tajiri. Wakanunua chakula. Hii ilikuwa kazi kweli, ya saa nyingi kila siku.

Lakini kampuni ya Uingereza yenye mchezo huo inakataza kuuza dhahabu yake kwa fedha. Ikimgundua mtu, inamfungia. Jasho lake linapotea na hana pa kushtaki. Tena mwezi Machi 2019 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa siku kadhaa. Bila umeme, hakuna mchezo na hakuna mlo.

Waliopoteza: Ufilipino

Mwaka 2021 watu wengi wa Ufilipino walicheza Axie Infinity. Hapa mchezaji alitakiwa anunue kwanza wanyama watatu wa mchezoni. Wasio na fedha waliazimwa wanyama na matajiri, wakagawana mapato. Mchezo ulilipa kwa sarafu yake. Katikati ya mwaka 2021 sarafu moja ilizidi senti 30 za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2022 ilishuka mpaka karibu senti 1.

Kwa nini? Sisi wakulima tunajua. Kila mtu akipeleka mahindi sokoni siku moja, bei inaanguka. Wauzaji walikuwa wengi, wanunuzi wachache. Waliowahi walipata. Waliochelewa walibaki na wanyama wasiouzika.

Kwetu Afrika Mashariki

Mwaka 2024 vijana wengi wa Afrika Mashariki waligonga-gonga picha ya mnyama kama panya katika mchezo wa Hamster Kombat. Waliambiwa pointi zao zitageuzwa kuwa sarafu. Siku ikafika, tarehe 26 Septemba 2024. Wengi walipata dola chache tu.

Tufanye hesabu. Tuseme kijana alitumia bando la shilingi 1,000 kila siku kwa siku 180. Tuseme mwishoni alipata dola 5, na dola moja ni shilingi 2,700.

Matumizi: 1,000 x 180 = 180,000
Mapato: 5 x 2,700 = 13,500
Hasara: 180,000 - 13,500 = 166,500

Na siku 180 hatujazihesabu. Nani amepalilia?

Mambo manne ya kuuliza

1. Nani ananunua, na kwa nini anakihitaji kitu hicho?
2. Mwenye mchezo anaruhusu kuuza?
3. Nani anatoa fedha kwanza? Kibarua halipi ili apewe jembe.
4. Je, unalipwa kwa kuuza, au kwa kuwaleta watu wengine?

Swali la nne ni la hatari zaidi. Tukumbuke DECI. Watu "walipanda mbegu" ya fedha wakitegemea kuvuna zaidi. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na wengi hawakuvuna kitu. Siku hizi mbegu ya namna hiyo inaweza kuvaa nguo ya mchezo.

Ushauri wetu

Tusiwafokee vijana. Kijana anayejua simu ana ujuzi. Mkae naye, akuonyeshe mchezo, na mwandike hesabu pamoja kwenye daftari, siku kwa siku. Akitaka kujaribu, ajaribu kwa muda wake wa mapumziko. Magunia yabaki ghalani. Na namba ya siri ya simu ya fedha asipewe mtu yeyote, hata akisema ni mwenye mchezo.

Maswali ya kujadiliana

1. Dhahabu ya Ibindi na dhahabu ya mchezoni zinatofautianaje?
2. Kwa nini sarafu ya Axie ilishuka bei?
3. Katika kijiji chenu, nani ametumia fedha kwa michezo ya simu? Alitoa kiasi gani, akapata kiasi gani?