Punda Wako Anakufa Haraka Mno, Abaayo

Msomaji mmoja wa Bulla Iftin ameniletea lalamiko. Ametengeneza mchezo wa punda anayevuta mkokoteni wa maji mjini Garissa huku akikwepa bodaboda, lakini akiguswa mara moja tu, uhai wake wote (3) unakwisha papo hapo. Anauliza kama kompyuta ya kakake imeharibika.

Kompyuta ni nzima, abaayo. Tazama kile kipande cha rangi ya chungwa kinachorudia amri bila kikomo. Umeagiza hivi: punda akigusa bodaboda, punguza uhai mmoja. Scratch inakagua amri hiyo kama mara 30 kwa sekunde, na bodaboda bado haijampita punda, basi inapunguza, inapunguza tena, na tena. Ukishapunguza uhai mmoja, irudishe bodaboda ukingoni mwa kulia, penye x 240, ndipo mzunguko uendelee. Jukwaa lote linaanzia -240 kushoto hadi 240 kulia, kwa hiyo nafasi unayo tele.

Kwa wageni wa kona hii: Scratch ni programu ya bure iliyozinduliwa 2007 na kikundi cha Mitchel Resnick pale MIT, Marekani. Huandiki msimbo wowote. Unaburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine. Ukifungua menyu ya lugha unaweza kuchagua Kiswahili. Pia ipo ya kuweka kwenye kompyuta ikafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo nendeni saiba mara moja, mpakue, mbebe kwenye flashi. Na yeyote anayewauzia Scratch anawaibia.

"Dada, mimi nina simu tu." Najua, ndivyo mlivyo wengi. Kuhangaika na Scratch kwenye kioo cha simu ni kujitafutia maumivu ya macho. Jaribu Pocket Code, iliyotoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz kule Austria. Nayo ni ya bure, vipande vyake ni vya mtindo uleule, na imeundwa ili mtu atengeneze mchezo akiwa na simu mkononi.

Halafu kuna hooyo, yaani mama, anayesema umeanza kupotea na michezo. Usibishane naye. Mwambie kwamba mwaka 2022 KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji katika shule zetu, kisha mpe simu amwongoze punda mwenyewe. Wewe nyamaza na utazame kidole chake kinakwama wapi. Ukijikuta unamwelekeza, "Hapana, bonyeza huku," ujue mchezo ndio wenye kasoro. Kusema kweli, hakuna mkaguzi mkali kama mama asiye na subira.

Wasomaji wangu wa kambi za Dagahaley, Ifo na Hagadera huniuliza kama haya yanamhusu mtu wa kambini. Lual Mayen, wa Sudan Kusini, alilelewa katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mamake alidunduliza miaka 3 hadi akapata dola 300 za kumnunulia laptopu, naye akawa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Mchezo wake, Salaam, unamweka mchezaji katika nafasi ya mkimbizi anayekimbia hatari, na mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo za The Game Awards kule Marekani. Sisimulii habari zake ili mkadhani pesa zinawasubiri mlangoni. Nawaomba mtazame alichokichagua: jambo alilolijua kuliko mtu yeyote wa studio za California.

Ndiyo maana nachoka mnaponiletea mipango ya kuiga michezo ya vita yenye ramani nzima ya mji. Hamtaimaliza. Wakati huo wazee wamekaa chini ya mti wanacheza shax, na kanuni zake zote zimeiva tayari: miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, vituo 24, kete 12 kwa kila mchezaji. Kete zote zikishapangwa ubao umejaa, hakuna pa kusogea. Hapo aliyetangulia kupata jare, yaani kete tatu kwenye mstari mmoja, ndiye anayeanza kuondoa kete ya mwenzake. Ni ubunifu mzuri ajabu, na umechorwa mchangani.

Punda akishatulia, hamia huko. Usifungue Scratch kwanza. Chora ubao kwenye karatasi, vipe vituo namba 1 hadi 24, kisha andika kila mstari wenye vituo vitatu. Ndani ya programu utatengeneza orodha ya nafasi 24: 0 ni pa wazi, 1 ni kete yako, 2 ni ya mpinzani. Kutafuta jare ni kuuliza kama nafasi tatu za mstari mmoja zina namba ileile, na isiwe 0.

Na kabla hujaanza, nenda kwa mzee anayecheza, umsalimie vizuri, umuulize mtu akizibwa pande zote asiwe na pa kusogea, mnafanyaje. Uandike jibu lake lote, maana programu itakwama hapohapo.