Je, serikali hulipa mkulima anayepumzisha shamba?

Swali: Nalima mahindi na muhogo karibu na Kolwezi. Nasikia Marekani serikali huwalipa wakulima wapumzishe ardhi. Je, nasi Lualaba tuna fedha hizo?
*Mkulima, Mutshatsha*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Marekani ina mpango huo tangu 1985: mkulima husaini mkataba wa miaka 10 hadi 15, akaotesha nyasi au miti, naye hulipwa kila mwaka. Kwetu Kongo (DRC), kilichokaribia hilo ni malipo ya mradi wa PIREDD huko mkoani Mai-Ndombe, kwa vijiji vilivyopanda miti na kulinda savana dhidi ya moto.

Kwa kuwa unalima karibu na migodi ya Kolwezi, haki yako wewe itafute katika Kanuni ya Madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018. Kifungu cha 281 kinailazimu kampuni ya madini kumfidia mkulima inayemwondoa shambani. Tena, kampuni inayochimba hutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii jirani, na asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa sekta, uchifu au komuni yenye mgodi.

Lakini tangu 1973 ardhi ni mali ya Dola. Kwa hiyo ushahidi wa ulichopanda ndio ngao yako. Pima shamba leo. Hesabu kila mwembe na kila tuta la muhogo, piga picha, andika tarehe, kisha chifu na majirani watie saini. Fanya hivyo kabla wapimaji wa kampuni hawajafika. Usisaini karatasi ya Kifaransa usiyoielewa. Mtafute wa kukusomea kwanza.