Gari la Njia za Matope: Mweleze Muuzaji Unakokwenda

Mvua za masika zinapoanza, njia nyingi za udongo ziendazo mashambani, machungani na katika mapori ya uwindaji hugeuka matope. Mnunuzi anayetegemea gari katika njia hizo hununua zaidi ya chombo cha usafiri: hununua uhakika wa kumfikisha mgonjwa zahanati na mazao sokoni. Hata hivyo, si kila gari linalouzwa kwa sifa ya "magurudumu manne" liliundwa kwa kazi hiyo. Katika somo hili tunaeleza mambo mawili: namna ya kutambua gari linaloweza matope, na namna ya kulinunua ili sheria ikulinde endapo halitafaa.

Anza na udongo, si gari

Matope hayafanani. Udongo mweusi wa mbuga, unaopatikana katika mikoa kama Shinyanga na Simiyu, hupasuka wakati wa kiangazi na huvimba unapopata maji. Ukilowa hunata, hujaza nafasi zilizo baina ya meno ya tairi, na tairi jipya huteleza kama kipara. Katika miteremko ya milimani, udongo mwekundu huweza kuteleza juu ilhali chini ungali mgumu. Katika mabonde ya mpunga, maji huficha mashimo.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kutazama gari, andika mambo manne: aina ya udongo, urefu wa njia, uzito wa mzigo, na kimo cha maji yanayovukwa. Karatasi hiyo tutaihitaji tena mbele.

Maandishi ubavuni si uwezo

Magari yanayopeleka nguvu katika magurudumu yote hugawanyika, kwa ujumla, katika makundi mawili.

Kundi la kwanza huendeshwa kwa magurudumu ya mbele, na yale ya nyuma huongezewa nguvu pale tu mtambo unapohisi utelezi. Mfumo huu hufaa kwa barabara iliyolowa au tope jepesi. Katika tope zito, kiungo kinachopeleka nguvu nyuma kinaweza kupata joto kupita kiasi, na mtambo ukakizima ili kukilinda. Dereva hubaki na magurudumu mawili mahali alipohitaji manne.

Kundi la pili humwezesha dereva kuunganisha mbele na nyuma kwa nguvu moja, na mara nyingi huwa na gia za nguvu za mwendo wa chini. Gia hizo huongeza nguvu ya kuvuta, katika magari mengi mara mbili au zaidi, na gari huweza kutambaa bila kurusha magurudumu. Kumbuka kwamba gari lisilo na difu ya katikati halipaswi kuendeshwa likiwa limeunganishwa hivyo juu ya lami kavu, kwa kuwa mitambo hukazana na kuharibika.

Hata gari la kundi la pili linaweza kunasa. Difu ya kawaida huruhusu gurudumu lililokosa mshiko lizunguke bure huku mwenzake limesimama. Kufuli ya difu huyalazimisha yote mawili kuzunguka pamoja; kwa njia za tope zito, kifaa hiki kina thamani kuliko mapambo yoyote ya nje.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Nenda na fundi asiye na uhusiano na muuzaji, kisha mkague yafuatayo:

1. Chini ya gari. Tafuteni njia ya nguvu iendayo mbele na ile iendayo nyuma. Gari linalovuta kwa mbele lisilo na propela ya kwenda nyuma kwa kawaida ni la magurudumu mawili, hata kama maandishi yanasema vingine.

2. Kimo. Pimeni kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa. Kwa njia zenye mitaro ya magurudumu, tunashauri kisipungue sentimita 20.

3. Oili ya difu na ya giaboksi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia.

4. Chesisi. Gongeni sehemu zenye kutu. Rangi mpya chini ya gari kuukuu yaweza kuficha uozo.

5. Tairi. Kwa matope chagueni meno makubwa yenye nafasi pana, ili udongo upate kutoka.

6. Majaribio. Unganisheni magurudumu manne, gia za nguvu na kufuli ya difu mahali penye udongo laini. Taa kuwaka kwenye dashibodi pekee si uthibitisho.

Maneno yanayokulinda

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga muhimu. Ukimweleza muuzaji wa biashara hiyo kazi unayokusudia, ikaonekana kwamba umetegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Kinga hii ina mipaka mitatu. Haimhusu mtu auzaye gari lake binafsi. Mnunuzi aliyetaja gari kwa jina lake la kibiashara, bila kutaka ushauri, anaweza kuipoteza. Tena, kwa upande wa ubora wa gari, aliyelikagua hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuibaini.

Hapa ndipo karatasi yako inapofanya kazi. Usiseme, "Nataka gari lile." Sema, "Nabeba gunia kumi katika udongo wa mbuga wakati wa masika. Unanishauri gari gani?" Kisha omba maelezo hayo na jibu lake viandikwe katika mkataba, na nyote mtie saini. Soma kwa makini maneno kama "linauzwa kama lilivyo", kwa kuwa yanaweza kudhoofisha madai yako.

Muuzaji akikupotosha kuhusu uwezo wa gari, Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo huo, na lalamiko linaweza kuwasilishwa Tume ya Ushindani. Ambatisha mkataba, risiti, tangazo la gari na taarifa ya fundi. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Maswali ya kujipima

1. Njia yako ni ya udongo gani, na maji hufika kimo gani?
2. Gari unalolitaka liko katika kundi lipi kati ya yale mawili?
3. Je, mkataba wako unataja kazi ambayo gari litafanya?

Ikiwa swali la tatu halina jibu, usilipe bado.