Regulata ya Gesi: Anza na Shingo ya Mtungi

Sudan Kusini haina bandari. Mtungi wa gesi unaouzwa Juba, kama ilivyo kwa unga na saruji, mara nyingi umepanda lori kutoka Uganda au Kenya, ukavuka mpaka Nimule na kumaliza kilomita 192 za lami hadi mjini. Ndiyo maana katika nyumba moja ya Mangateen, mtaa wa Juba, unaweza kukuta mtungi wa kampuni ya Kampala, regulata iliyonunuliwa Nairobi na jiko lililotengenezwa China. Kila kimoja ni kizima. Tatizo ni kwamba hakuna aliyehakikisha kama vinaoana.

Regulata ni kile kifaa kidogo kinachokaa kati ya mtungi na mpira wa jiko, na kazi yake ni kushusha nguvu ya gesi. Gesi ya kupikia ni propani na butani zilizogandamizwa mpaka zikawa maji. Kwenye joto la nyuzi 20 propani tupu husukuma kwa bar 8 hivi. Kwenye nyuzi 40 inapita bar 13. Butani ni pole zaidi, kati ya bar 2 na 4 kwa joto hilohilo. Jiko la nyumbani linataka milibar 30 tu, yaani sehemu tatu katika mia za bar moja. Na Juba si mji wa nyuzi 20. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45. Mtungi ulioachwa juani siku kama hiyo unasukuma kwa nguvu kubwa kuliko ilivyokuwa alfajiri, na ni regulata inayofanya moto wa jiko usibadilike.

Wengi wakiingia dukani huanza na bei. Anza na shingo ya mtungi. Valvu zile ambazo regulata hubonyezwa juu yake zina vipenyo tofauti: milimita 20, 21 na 22 ni za kawaida, na zipo nyingine. Kwa macho hutaona tofauti. Regulata ya milimita 22 inaweza kukaa juu ya valvu ya 20, pengine hata gesi ikatoka na chai ikaiva, kumbe haijafunga. Hapo ndipo watu huanza kuifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli au kuizungushia nailoni. Regulata inayohitaji kufungwa kamba si ya mtungi huo, basi. Mitungi mingine ina valvu ya kusokota, na nyingi za aina hiyo hukazwa kinyume na kawaida, kuelekea kushoto. Usizilazimishe kwa spana ukidhani nyuzi za kusokotea zimekufa.

Nenda dukani na mtungi wenyewe, au angalau na picha ya valvu iliyopigwa kutoka juu. Mwombe muuzaji aifunge mbele yako kabla hujalipa. Ikishalia kwamba imeshika, ivute juu kwa mkono: isitoke wala isicheze. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwage kwa heshima uende duka la pili.

Mtungi mdogo wa kilo 6, ule ambao kichwa cha jiko husokotwa juu yake moja kwa moja, kwa kawaida hautumii regulata kabisa. Gesi hutoka kwa nguvu yake yote, na kinachoizuia ni kitasa cha jiko peke yake. Unafaa kwa sufuria moja, nje au penye hewa, na mtu akiwa karibu. Hatari huja mwenye mtungi anapotaka jiko la sahani mbili, naye fundi wa mtaani akamwunganishia mpira bila regulata. Mpira huo na vitasa vya jiko hilo vilitengenezwa kwa milibar 30. Kuvipa bar kadhaa ni kuomba moto.

Mtungi na regulata vikishaoana, geukia jiko. Tafuta kibandiko chake, nyuma au chini, ulinganishe na maandishi ya kwenye regulata. 28 mbar, 2.8 kPa na 2800 Pa ni kitu kimoja, na ukikuta 30 mbar usihangaike, tofauti ni ndogo. Kama jiko limeandikwa 2000 Pa, chunguza vizuri: majiko mengi ya China yenye namba hiyo ni ya gesi asilia ya mabomba, na matundu yake ni makubwa mno kwa gesi ya mtungi. Litawaka, ila kwa moto wa njano unaotia masizi sufuria. Halafu kuna regulata yenye kitasa cha kuongeza na kupunguza nguvu. Hiyo ni ya majiko makubwa ya hoteli na ya sherehe, yanayonguruma. Kwenye jiko la nyumbani haina kazi, hata ukipewa bure.

Namba nyingine ni kiasi cha gesi kinachoweza kupita, kinachoandikwa kg/h. Kilo moja ya gesi kwa saa hutoa karibu kilowati 14. Jiko la sahani mbili lenye jumla ya kilowati 5 halifikishi nusu kilo kwa saa, kwa hiyo regulata ya kilo 1 inatosha na kubaki. Hita ya maji ya kuoga ya kilowati 20 inataka kilo moja na nusu. Iwe na regulata yake.

Kwenye kifuniko cha regulata kuna kitundu kidogo ambacho wengi hudhani ni kasoro ya kiwandani. Ndani yake kuna ngozi laini ya mpira inayopanda na kushuka, na inapumulia hapo. Vumbi la kiangazi au udongo wa nyigu ukiziba kitundu hicho, nguvu ya gesi inayotoka huanza kuyumba. Kielekeze chini, kifute, usikichokoe kwa sindano. Gesi ikitoka kupitia hapo, ngozi imepasuka.

Mpira uwe wa gesi hasa, si wa kumwagilia bustani, usizidi mita moja na nusu, na ubanwe kwa klipu ncha zote mbili. Mtungi ukiletwa na boda umelazwa, usimamishe na uuache utulie kabla ya kuwasha. Ukitumika umelala, maji ya gesi huingia kwenye regulata. Kisha changanya sabuni na maji, paka povu kwenye valvu, regulata na ncha za mpira, ufungue gesi huku jiko limezimwa. Povu likivimba, pana uvujaji. Kiberiti hakipimi gesi.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi darini, hutambaa chini na kujikusanya kwenye kona. Kwa familia za Mangateen zinazoishi chini ya maturubai na mabati, huku jiko la mkaa la jirani likiwaka hatua chache tu, maana yake ni kwamba mtungi usilale chumbani pamoja na watu. Ukisikia ile harufu mbaya, iliyotiwa makusudi kwa sababu gesi yenyewe haina harufu, funga mtungi, toa watoto, fungua mlango, waombe majirani wazime moto. Usiguse swichi ya taa, hata kwa kuzima.

Regulata haikarabatiwi. Iliyopasuka ngozi, iliyolegea au iliyopita miaka 10, nunua nyingine. Ile ya zamani ipondeponde kwa nyundo kabla ya kuitupa, kwa sababu ikitupwa nzima kuna atakayeiokota, aifute vumbi na kuiuza.