Pafu linapojaa maji ghafla: kinga inaanzia nyumbani na katika depo



Katika somo hili tunaongea juu ya hali ambayo wengi wetu tumeiona bila kujua jina lake. Mtu alikuwa na homa, ao alijeruhiwa, ao alikunywa kitu kibaya. Siku ya kwanza anaongea vizuri. Siku ya pili ao ya tatu anaanza kuhema kama aliyepanda mlima mbio, hata akiwa amelala. Midomo inabadilika rangi. Familia inaanza kutafuta nani amemroga.

Madaktari wanaita hali hiyo jeraha la ghafla la mapafu. Tumechagua somo hili kwa sababu moja: jeraha hilo likishatokea, kuliponya ni kazi ngumu hata katika hospitali kubwa za dunia. Lakini mambo mengi yanayolileta yanaweza kuzuiwa, na mengine yako mikononi mwa koperativi yenyewe.

Nini inatokea ndani ya kifua?

Pafu si mfuko mmoja mtupu. Ndani yake kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamia ya milioni, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba kuliko karatasi. Hapo ndipo oksijeni inapopita kuingia katika damu.

Mwenye bwawa la samaki ataelewa haraka. Ukuta wa udongo ukiwa mzima, maji yanakaa upande wake. Ukitoboka mahali pengi, maji yanafurika mahali ambapo hayakupaswa kuwa. Ndivyo inavyokuwa kwa mapafu: kuta zinaumia, maji ya damu yanavuja, vifuko vinajaa, hewa inakosa nafasi. Mtu anazama akiwa nchi kavu.

Watu wa Sake na wa kando ya ziwa wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kutulia mabondeni. Mazuku ni jambo lingine. Yenyewe inafukuza hewa nzuri, na mtu aliyetolewa mapema anaweza kupata pumzi tena. Kwa jeraha la mapafu, hata ukimtoa mtu mahali pabaya, kuvuja kunaendelea ndani kwa masaa na kwa siku.

Watafiti wameona nini?

Mwaka 1967 madaktari wa Denver, Marekani, David Ashbaugh na wenzake, waliandika juu ya wagonjwa 12 ambao mapafu yao yalishindwa kwa namna moja. Wengine walikuwa wameumia kwa ajali, wengine walikuwa na maambukizi. Mianzo ilikuwa tofauti, lakini mapafu yalifanana. Kati ya hao 12, watu 7 walikufa.

Miaka mingi watafiti walitafuta dawa ya kukausha mapafu hayo. Hawajaipata. Walichopata ni namna nzuri ya kumsaidia mgonjwa apumue wakati mwili unajitengeneza. Mwaka 2000, uchunguzi wa wagonjwa 861 huko Marekani ulionyesha kwamba mashini ya kupumulia ikisukuma hewa kidogo kidogo, vifo vinashuka kutoka karibu 40 hadi 31 kwa kila wagonjwa 100. Mashini iliyosukuma hewa nyingi ilikuwa inaongeza jeraha. Mwaka 2013, watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba kumlaza mgonjwa mahututi kifudifudi kwa masaa mengi kila siku kunaokoa wengi zaidi.

Na kinga je? Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya jaribio la kuwapa aspirini wagonjwa 400 waliokuwa katika hatari. Haikuwakinga. Lakini katika wilaya moja ya Minnesota, Marekani, kati ya 2001 na 2008, ugonjwa huu ulipungua zaidi ya nusu. Hapakuwa na kidonge kipya. Katika miaka hiyo hospitali ilibadilisha desturi zake: mashini ziliwekwa taratibu, damu ilitolewa kwa mwenye lazima tu, maambukizi yalitibiwa mapema. Ni kazi ya kila siku iliyofanywa vizuri.

Tuje karibu na kwetu. Zamani, ili kusema mtu ana ugonjwa huu, ilihitajika mashini ya kupumulia na vipimo ambavyo hospitali nyingi za Afrika hazina. Basi ilionekana kama kwetu ugonjwa haupo. Watafiti wa hospitali kubwa ya Kigali, Rwanda, na wenzao walitumia kifaa kidogo kinachobana kidole kupima oksijeni, pamoja na ekografia ya kifua. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa wiki 6, kati ya wagonjwa 1046 walioingia, 42 walikuwa nao. Nusu yao walikufa. Kwa kipimo cha zamani, hakuna hata mmoja angehesabiwa. Wengi walikuwa bado vijana: nusu yao hawakuwa wamepita miaka 37 hivi. Chanzo kilichoonekana zaidi ni maambukizi.

Kama Kigali, mji mkuu, walikufa nusu, sisi wa Masisi na Walikale tufikiri nini, mahali ambapo mgonjwa anabebwa kwa tipoy na barabara inakatika wakati wa mvua? Tufikiri juu ya kinga.

Njia ya kwanza: ugonjwa uliocheleweshwa

Nimonia isiyotibiwa mapema inaweza kuharibu mapafu yote mawili. Malaria kali pia, zaidi kwa watu wazima na kwa wanawake wenye mimba. Na kidonda kilichooza, cha jembe, cha panga ao cha risasi, kinaweza kupeleka sumu katika damu, na damu ikaifikisha kwenye mapafu. Ndiyo maana mtu aliyeumia mguu anaweza kufa kwa kukosa pumzi.

Kinga yake tunaijua: mosikitere, chanjo za watoto zote, kuosha kidonda kwa maji safi na sabuni siku ileile, na kwenda kituo cha afya siku ya kwanza ya homa. Wengi wanasema: "Iko kikohozi tu, itapita." Mara nyingi inapita. Isipopita, kila siku iliyopotea ina bei.

Njia ya pili: sumu tunazoleta wenyewe

Vidonge vya depo. Vile vya kuua wadudu wa maharagi na mahindi, vya fosfidi ya alumini, vikikutana na unyevu vinatoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo inaua mdudu, na mtu pia. Inaumiza moyo na inajaza mapafu maji. Haina dawa ya kuikata. Pengine inanuka kama kitunguu saumu ao samaki aliyeoza, lakini usingoje harufu: mtu anaweza kuumia kabla hajasikia kitu.

- Kidonge kisiwekwe kamwe katika nyumba wanamolala watu ao wanyama, wala katika chumba kinachogawana ukuta wa mbao ao wa matete na chumba cha kulala.
- Kisishikwe kwa mkono mtupu ao wenye maji. Mkebe ufunguliwe nje.
- Depo lifungwe, na alama ya hatari iwekwe mlangoni. Kabla ya kuingia, lipitishwe hewa kama karatasi ya dawa inavyoagiza.

Kuna njia isiyo na sumu: mifuko ya tabaka tatu inayofungwa kabisa. Wazo hilo lilifanyiwa kazi Kamerun katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde. Mbegu zikauke vizuri, mfuko ufungwe kwa nguvu, wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa wenyewe.

Dawa ya kuua majani. Kati ya zote, parakwati, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gramoxone, ndiyo adui mkubwa wa mapafu. Mapafu yenyewe yanaivuta kutoka katika damu na kuikusanya. Aliyemeza hata funda moja anaweza kutembea na kula siku ya kwanza, halafu pumzi ikakatika baada ya siku chache ao wiki. Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2007. Korea Kusini ilizuia kuiuza mwaka 2012, vifo vya sumu za kilimo vikapungua, na mavuno hayakushuka. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia kwamba bila hiyo hatutavuna.

Jambo baya zaidi ni kuimimina katika chupa ya Fanta ao ya maji. Mtoto hasomi, anaona kinywaji. Mtu akiimeza, msimtapishe, msimpe maziwa wala mafuta. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni, mkimbieni kituoni pamoja na chupa yenyewe. Enfirmie lazima ajue ni dawa gani, kwa sababu kwa sumu hii oksijeni ikitolewa ovyo inaweza kuzidisha jeraha.

Njia ya tatu: kilichopita njia mbaya

Mtu aliyezimia ao mwenye kifafa hawezi kumeza. Dawa ya mizizi, maziwa ao uji unaomiminwa mdomoni mwake unateremka katika mapafu na kuyaunguza. Mlaze kwa ubavu, kinywa kikielekea chini kidogo, usimpe kitu chochote. Ni vilevile kwa mtoto aliyekunywa petroli ya taa: kumtapisha ni kuirudisha mara ya pili karibu na njia ya hewa. Msimtapishe, mpelekeni.

Dalili ambazo hazingojwi

Hesabu pumzi kwa dakika moja nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Ni hatari kama unapata:

- mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 ao zaidi;
- miezi 2 hadi 11: pumzi 50 ao zaidi;
- mwaka 1 hadi 5: pumzi 40 ao zaidi;
- mtu mzima: pumzi 30 ao zaidi.

Pia: mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, midomo ao kucha zimekuwa za buluu ao za majivu, hawezi kumaliza sentensi, amechanganyikiwa. Mmoja wa hizo unatosha kuondoka. Njiani akae ameinuliwa mgongo, asilazwe chali; akiwa amezimia, alazwe kwa ubavu.

Kazi ya koperativi

Tunapendekeza kila koperativi ichukue maamuzi matatu katika mkutano ujao. Kwanza, mtu mmoja aliyefundishwa awe na ufunguo wa sanduku la dawa zote za kilimo, na hakuna dawa itakayotoka katika chupa isiyo yake. Pili, akiba ndogo itengwe kwa usafiri wa mgonjwa, ili familia isianze kuuza mbuzi wakati mtu anakosa pumzi. Tatu, muulize kituo chenu cha afya kama kina kile kifaa cha kidole na oksijeni. Kama hakina, mjue tangu leo ni kituo gani cha karibu kinacho, na njia gani inapitika. Siku ya hatari si siku ya kuuliza njia.

Maswali ya kujadili pamoja

1. Depo letu liko mbali kiasi gani na mahali watu wanapolala?
2. Nani kati yetu bado anaweka dawa ya shamba katika chupa ya kinywaji? Tutabadilisha namna gani, bila kumwaibisha mtu?
3. Mgonjwa wa mwisho wa kijiji chetu aliyekosa pumzi alichelewa wapi: nyumbani, njiani, ao kituoni?
4. Nani atajifunza kuhesabu pumzi na kuwafundisha mama wengine?

Someni somo hili kwa sauti kwa wale wasiosoma. Mwishoni, kila mmoja ajaribu kuhesabu pumzi za jirani yake kwa dakika moja. Ni mazoezi ya bure.