Mwuza Pombe na Mteja Aliyelewa

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mwuza pombe ni kujaza bilauri na kupokea fedha tu. Sivyo. Katika Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 humkataza kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Lakini iliyo ngumu zaidi ni kazi ya kumwangalia mtu mzima ambaye amekwisha kunywa na bado anataka.

Kwanza yafaa kujua jinsi kileo kinavyotenda mwilini. Chupa ya bia ya nusu lita, yenye kileo cha asilimia 5, ina gramu 20 hivi za kileo, na mwili huhitaji saa mbili au zaidi kuziondoa. Kazi hiyo hufanywa hasa na ini, nalo haliharakishwi kwa kahawa wala kwa kumwagiwa maji baridi. Tena kileo chaweza kuzidi kuongezeka damuni hata baada ya bilauri ya mwisho. Kwa hiyo mtu aondokaye akionekana mzima, huenda akazidiwa njiani.

Basi mtumishi mwangalifu hutazama dalili mapema: sauti inayopanda, ulimi mzito, hatua za kuyumba, fedha zinazomwanguka mteja mkononi. Akiziona, asingoje ugomvi. Asimkemee mbele ya rafiki zake, maana mlevi aliyeaibishwa hupigana ili kuiokoa heshima yake. Amwite kando, amwambie kwa upole, “Mzee, kwa leo yatosha, kesho karibu tena.” Ampe maji na chakula, awaombe wenzake wamfikishe kwake, na kama ana gari au pikipiki, ilindwe hapo mpaka kesho. Kisha awaarifu watumishi wengine, wasije wakamwuzia.

Kumsukuma mlevi nje usiku si kulimaliza jambo, bali ni kulihamishia barabarani. Na akilala asiamke aitwapo, au akipumua polepole mno, asiachwe peke yake hata kidogo: alazwe kwa ubavu, matapishi yasije yakamziba koo, na apelekwe hospitali upesi.

Atendaye hivyo atapoteza bei ya chupa moja au mbili. Lakini mteja aliyefika nyumbani salama hurudi, na mkewe na watoto wake hawatakitaja kilabu hicho kwa machozi.