Waya Juu ya Vichwa: Hesabu ya Kutundika Spika na Mataa
Kijitabu kwa mafundi wa jukwaa, Nyacheki na majirani zake

Harusi, mkutano wa injili, harambee ya shule, mazishi: shughuli kubwa siku hizi huja na tenti, jenereta na spika. Kijitabu hiki kinamhusu fundi anayepandisha spika, mataa au bango juu ya mahali watu watakapoketi, iwe ni kwa nguzo za mkaratusi kwenye uwanja wa shule hapa Nyacheki, au kwa fremu za chuma kule Gusii Stadium mjini Kisii, palipofanyika sherehe za kitaifa za Mashujaa mwaka 2020. Hesabu ni ile ile. Ila kijijini mara nyingi hakuna mhandisi wa kukukagua, kwa hiyo hesabu yote ni juu yako.

Pembe ndiyo inayoua waya

Mzigo wa kilo 400 ukishikwa na waya 2 zinazoshuka wima, kila waya hubeba kilo 200. Wengi hudhani hali ni hiyo hiyo hata waya zikitanuka. Sivyo. Waya iliyolala inafanya kazi mbili: inainua mzigo, na papo hapo inavutana na mwenzake.

Huhitaji kikokotoo cha shule. Chukua tepu. Pima urefu wa waya moja, kisha pima kimo, yaani umbali wa wima kutoka sehemu ya juu ilipofungwa hadi ya chini. Gawanya urefu kwa kimo, halafu zidisha kwa nusu ya uzito. Waya zikiwa na urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.6, kila moja inabeba kilo 231. Kimo kikishuka hadi mita 1.5, kila moja inabeba kilo 400, yaani uzito wote mzima. Kimo kikiwa sentimita 75, kila waya inavutwa kwa kilo 800, na spika ni zile zile! Nguvu hiyo huvuta pia vichwa vya nguzo vikaribiane, ndiyo maana nguzo huinama kabla waya haijakatika.

Usikubali kimo kiwe chini ya nusu ya urefu wa waya. Dari ikiwa fupi, tafuta njia nyingine ya kutundika, usilaze waya. Hesabu hii inafaa pale waya 2 zinapolingana urefu na mzigo uko katikati. Mzigo ukiegemea upande mmoja, upande huo hulemewa zaidi. Kwa mfano, boriti ya mita 6 imeshikwa ncha zote mbili, na spika ya kilo 150 imefungwa mita 1 kutoka ncha ya kushoto. Kushoto kunabeba kilo 125, kulia kilo 25. Ongeza uzito wa boriti yenyewe, nyaya za umeme na cheni bloki. Vyote hivyo vinaning'inia.

Waya yenyewe

Kamba ya waya ilianza kutumika mwaka 1834 katika migodi ya milima ya Harz, Ujerumani, kazi ya Wilhelm Albert. Minyororo ya migodini ilikuwa ikikatika bila dalili. Kamba ya waya ina nyuzi nyingi ndogo zilizosokotwa, kwa kawaida misokoto 6 kuzunguka kiini, na nyuzi hizo hukatika moja moja. Hilo ni onyo, ukiwa na macho ya kuliona.

Vaa glavu, pitisha kitambaa kwenye waya yote. Uzi uliokatika utakinasa. Tazama umbali ambao msokoto mmoja unazunguka kamba mara moja. Ndani ya umbali huo, ukihesabu nyuzi 10 zilizokatika, au 5 katika msokoto mmoja, waya hiyo imestaafu. Vivyo hivyo iliyojikunja ikapata kovu, hata ukiinyoosha, na iliyoliwa na kutu. Mvua yetu ya milimani haitanii, na kutu huanzia ndani. Waya iliyokataliwa ikatwe vipande, la sivyo itarudi kazini kwa fundi mwingine.

Cheti kikisema waya hukatika kwa kilo 5,000, usiifungie kilo 5,000. Gawanya kwa 5: kilo 1,000. Juu ya watu, mafundi waangalifu hugawanya kwa 10: kilo 500. Sasa rudi kwenye zile kilo 800 za waya iliyolala.

Klipu za umbo la U zina upande. Tandiko likae kwenye waya inayobeba mzigo, na U ikae kwenye mkia. Ukigeuza, U inaponda waya inayobeba. Waya ya milimita 12 inataka klipu zisizopungua 3, za chuma kilichofuliwa, wala si zile za kumiminwa. Zikaze tena mzigo ukishakaa. Hata zikifungwa vizuri, kiungo hubaki na takriban asilimia 80 ya nguvu ya waya.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka waya, minyororo na vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa angalau kila miezi 6. Mwenye kukodisha vifaa akuonyeshe karatasi ya ukaguzi.

Mvua na upepo

Maji yakituama kwenye turubai kwa kina cha sentimita 5 katika eneo la mita 2 kwa 2, umeongeza kilo 200. Upepo wa kilomita 54 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa kilo 14 hivi. Bango la mita 6 kwa 4 linapokea zaidi ya kilo 330 kwa upande. Tarehe 13 Agosti 2011 katika jimbo la Indiana, Marekani, dhoruba iliangusha jukwaa na watu 7 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba vizuizi vya saruji vilivyofungiwa waya za kushikilia jukwaa havikuwa na uwezo wa kutosha, viliteleza. Kwenye miteremko yetu na udongo uliolowa, vigingi vya chini hulegea mapema. Chimbia nanga upande wa juu wa mteremko na wa chini, na uzijaribu kabla ya kupandisha chochote.

Kabla ya shughuli kuanza, kubaliana na mwenye nyumba, mchungaji au mwalimu mkuu ni nani atakayetoa amri ya kuteremsha bango na kuwaondoa watu, na amri hiyo isingoje hotuba iishe.